Uji wa Nerima na Barabara ya Kujiendesha

Hakuna kitu Patrobas Luseno alichokipenda kama kuulizwa maoni yake, na hakuna kitu alichokikosa kama hicho. Kiwandani, alikokuwa karani wa stoo ya magodoro, meneja alimpa amri wala si maswali. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, lakini kila aliposimama kusema, mwenzake Opicho alikuwa ameshasema. Nyumbani, Triza, bintiye wa kidato cha tatu, alimuuliza jambo moja tu: kama simu yake ina bando. Kwa hiyo Jumamosi ile, msichana mwenye fulana ya manjano alipobisha mlangoni kwake katika mtaa wa Tena, akasema anaitwa Whitney, anatoka kwenye mradi wa barabara, na ana maswali arobaini na mawili, Patrobas aliona kwamba hatimaye serikali imemkumbuka.

"Karibu, binti yangu. Kaa hapo kwa kiti kubwa. Triza! Lete chai!"

Whitney alikaa na tableti yake mapajani. Kabla ya maswali ilibidi aeleze mradi, na alieleza vizuri kwa sababu alikuwa ameueleza kwenye nyumba thelathini wiki ile. Barabara kuu inayopita kando ya Tena ingefumuliwa na kujengwa upya. Ingekuwa barabara ya kujiendesha. Kamera zingesoma namba za magari na kukata ushuru zenyewe kwenye simu ya mwenye gari. Taa zingehesabu magari na kuamua nani apite. Mabasi ya mradi yangekuwa na njia yao, yakiongozwa na kompyuta, dereva akikaa tu ili abiria wasiogope. Anayevunja sheria angepokea faini kwa simu kabla hajamaliza kutukana.

"Na trafiki?" aliuliza Patrobas.

"Trafiki hawatakuwepo, mzee. Kila kitu ni mashine."

"Hapo sasa!" Patrobas alipiga goti lake. "Hapo mmefanya kazi."

Maswali yakaanza, na Patrobas akayajibu kama mtu aliyeyasubiri tangu utoto. Alipoulizwa angekuwa tayari kulipa shilingi ngapi ili aokoe saa moja njiani, alikunja uso, akatazama dari, akasema saa yake moja haiwezi kupungua shilingi mia tano. Kiwanda kilikuwa kikimlipa mia moja na kumi na tano kwa saa, lakini kiwanda hakikuwa pale kumbishia.

Swali la thelathini na moja ndilo lililoleta balaa. Kuna mtu mwingine wa nyumba hii anayefanya biashara kando ya barabara?

"Mke wangu ako na kibanda hapo steji ya matatu," alisema. "Ni uji tu. Uji wa wimbi."

"Kwa siku anapata kama pesa ngapi?"

Nerima mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameenda Nyamakima kununua wimbi na mtama. Angekuwepo, hadithi hii isingekuwepo. Patrobas alikuwa na sababu mbili za kulikwepa swali hilo. Ya kwanza ni ile ya kila mtu wa Eastlands: mgeni anayeandika mapato yako leo, kesho anarudi na mtu wa ushuru. Ya pili ilikuwa yake binafsi. Hakujua mkewe anapata pesa ngapi, na hakutaka msichana huyu mdogo ajue kwamba hajui.

"Hiyo ni kitu ya kupitisha wakati tu," alisema. "Pesa ya chumvi. Andika hana kazi."

"Niandike sifuri, mzee?"

"Andika. Hii nyumba naiendesha mimi."

Whitney aliandika. Patrobas akatia sahihi kwa kidole kwenye kioo, akamsindikiza mgeni hadi ngazini, akarudi akiwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu siku alipochaguliwa mzee wa kanisa.

*

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatano, orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa. Aliyeiona kwanza ni Amolo, muuza samaki ambaye kibanda chake kiligusana na cha Nerima, na ambaye habari haikuwahi kumpita ikiwa hai.

"Mama Triza, funga hiyo sufuria twende," alisema. "Majina yametoka."

Nerima alimwachia jirani wa upande wa pili birika zake, akafuta mikono kwa leso, wakaenda. Walilipata jina la Amolo upesi. Samaki wa kukaanga, shilingi elfu moja mia mbili kwa siku, fidia laki moja na themanini, nafasi katika soko jipya: ndiyo. Amolo alipiga kigelegele kifupi, akajizuia, kwa sababu mwenzake alikuwa bado anatafuta.

Kibanda namba themanini na nane. Uji. Mwenye kibanda: mke wa Patrobas Luseno. Kazi: hana. Mapato: 0. Fidia: 0. Nafasi katika soko jipya: hapana.

Nerima alisoma mstari ule mara mbili, midomo ikitembea. Nyuma yake wanawake watano walikuwa wakisoma naye, na mmoja wao, ambaye alikuwa amekunywa vikombe viwili vya uji huo huo asubuhi ile, aliguna kwa huruma iliyosikika mpaka nje. Jina la Nerima halikuwa limeandikwa hata.

Whitney alikuwa kwenye meza ndani ya ukumbi. Alipoonyeshwa mstari wenyewe, alikumbuka mlango, kiti kikubwa na chai.

"Mama, pole. Mimi niliandika vile mzee alisema."

"Basi futa uandike vile mimi nasema."

"Sistimu haikubali. Aliyesema ndiye anafuta. Alhamisi ijayo kuna kikao hapa cha marekebisho. Aje mwenyewe, na karatasi yake ya mshahara, aseme mbele ya watu. Baada ya Alhamisi orodha inafungwa, na vibanda vinabomolewa mwezi wa sita."

Nerima aliuliza tena, polepole, ili asikosee. Kama Patrobas hatakuja, hakuna fidia? Hakuna. Na hakuna kibanda sokoni? Hakuna. Alishukuru, akatoka. Amolo, aliyezoea kumsikia akicheka, alitembea naye hadi steji bila kusema neno, jambo ambalo lilimtesa sana.

*

"Ati nisimame wapi?" Patrobas aliuliza jioni ile.

"Kwa ukumbi. Useme ulikosea."

"Mbele ya watu? Na maiki?"

"Na maiki."

Patrobas aliweka kikombe chini. Alieleza kwamba yeye ni mzee wa kanisa. Alieleza kwamba Opicho angekuwepo, na wazee wengine, na mlinzi wa ploti, na vijana wa steji ambao hawana adabu. Alieleza kwamba mtu akishatia sahihi ametia sahihi. Kisha akaeleza kwamba, kwa kweli, fidia yenyewe haiwezi kuwa kubwa, uji ni uji, na kodi ya nyumba huwa inalipwa na nani kila tarehe mosi?

"Na wewe," alisema Nerima.

"Basi."

"Sawa, Baba Triza."

Patrobas alitarajia vita, na alikuwa na maneno mengine mengi tayari. Kusikia sawa kulimchanganya. Alimtazama mkewe akiondoa vyombo, akajiambia kwamba mwanamke mwenye akili ni zawadi kutoka kwa Mungu. Hakugundua kwamba mwanamke mwenye akili alikuwa ameshaanza kazi.

Asubuhi yake Nerima alisimama mbele yake, mikono imeshikana tumboni, sauti ya chini kabisa.

"Baba Triza, naomba pesa ya maziwa."

"Ya nini?"

"Ya maziwa. Mimi sina kazi, nitatoa wapi?"

Alitoa shilingi sitini. Kusema ukweli alifurahi kidogo kuombwa hivyo. Jioni aliombwa pesa ya unga, na ya sukuma, na ya vitunguu. Ijumaa stima ilizimika wakati wa habari, na Nerima akaja na simu kwa heshima zote kumwonyesha kwamba tokeni zimeisha. Patrobas hakujua tokeni huwa zinaisha. Kwa miaka yote hiyo stima ilikuwa inawaka tu, sukari ilikuwa inajaa mkebeni, sabuni ilikuwa bafuni, na yeye alichukulia kwamba nyumba yenye baba mwenye mshahara huwa hivyo.

Jumamosi gesi iliisha. Mtungi ule mkubwa, kujaza, elfu tatu na mia mbili.

"Gesi ni elfu tatu?" alipiga kelele. "Tangu lini?"

"Sijui, Baba Triza," alisema Nerima. "Wewe ndiye unajua mambo ya nyumba."

Na hakuwa ameacha kuuza uji. Kila siku aliamka saa tisa na nusu usiku kama kawaida, akakoroga wimbi lake lililochachuka, akabeba birika zake nne hadi steji, na kabla ya saa kumi na moja watu wa kutoka Mathare waendao viwandani kwa miguu walikuwa wamejipanga mbele ya kibanda, kila mmoja na shilingi yake ishirini. Alirudi saa nne, mkoba mtupu. Pesa alizipeleka benki. Mwanamke asiye na kazi, alimweleza Triza, hawezi kuonekana na pesa, watu watauliza amezitoa wapi.

Triza ndiye aliyeumia zaidi na ndiye aliyesema wazi.

"Buda, mathe amegoma?" aliuliza Jumapili, akitazama kikombe chake. "Tunakunywa strungi bila maziwa siku ya tatu. Hata shuleni kuna maziwa."

"Kunywa chai, wacha siasa."

"Na kuna pesa ya mtihani. Elfu moja mia mbili. Kesho."

Patrobas alimtazama mkewe. Nerima alikuwa akitazama ukuta kwa unyenyekevu mkubwa.

Baada ya ibada siku hiyo alimvuta Opicho kando ya choo cha kanisa, mahali ambapo wazee hushauriana mambo mazito. Opicho alikuwa fundi wa reli aliyestaafu, mtu mwenye tumbo na uhakika. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Patrobas, ukisimama pale useme mama ndiye analisha nyumba, umekwisha. Kesho utaongoza maombi ya nani? Mimi yule msichana alikuja kwangu pia, nikamwambia mke wangu ni mama wa nyumba. Kwisha."

"Lakini mke wako Nabalayo anauza mitumba hapo steji."

"Anauza, ndiyo. Hiyo ni yake. Mwanamume hasomi hesabu ya mitumba kwa spika." Opicho alimpiga bega. "Kaa ngumu. Wanawake wanachoka."

Patrobas akakaa ngumu siku moja zaidi. Jumatatu, saa tano, akiwa stoo na meneja na vijana sita wa kubeba magodoro, simu yake ililia. Simu ile ilikuwa imekufa upande wa sikio, na kuipokea ilibidi aweke spika.

"Baba Triza," ilisema sauti ya mkewe, laini, ikijaza stoo nzima. "Pole kukusumbua kazini. Naomba shilingi sabini ya sabuni. Nguo zako za ndani nimeziloweka na maji tupu."

Hakuna aliyecheka mpaka meneja alipocheka. Baada ya hapo walicheka wote, na kijana mmoja alilazimika kulala kwenye godoro la sita kwa sita ili amalize.

*

Mchana ule, nyuma ya fomu ya kutoa bidhaa, Patrobas alifanya hesabu. Hesabu ilikuwa kazi yake na aliifanya kwa haki. Chakula, kwa bei alizozijua sasa. Gesi, stima, maji ya mtungi siku mfereji ukikauka. Karo ya Triza na nauli yake. Mchango wa kanisa, wa mazishi, wa harusi ya binamu. Akaondoa kile alichokuwa akibakisha yeye baada ya kodi na nauli, ambacho kilikuwa kidogo mno hata akaona aibu kukiandika kwa kalamu. Kilichobaki, ambacho mtu fulani alikuwa akikileta kila mwezi bila tangazo, kilikuwa shilingi elfu ishirini na sita na mia tatu. Mshahara wake ulikuwa elfu ishirini na nne.

Alirudia mara tatu. Mara ya tatu ilitoka elfu ishirini na saba, akaamua kurudi kwenye ile ya kwanza.

Jioni alimkuta Nerima akichambua wimbi kwenye ungo. Alikaa karibu naye, kwenye kigoda, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Ni hiyo fidia unataka?" aliuliza.

"Naitaka. Mwezi wa sita wakibomoa, nitaanza wapi? Triza amebakisha mwaka mmoja na nusu, na wewe unajua karo." Alipuliza makapi. "Lakini si fidia inaniuma. Ni hilo neno hana. Miaka kumi na tisa naamka saa tisa usiku. Mikono yangu, angalia. Mtoto wa watu anakuja hapa ndani, anakuuliza mke wako anafanya nini, na wewe unakunywa chai ya sukari yangu unamwambia hana. Hata jina langu hukutaja."

Patrobas aliitazama mikono. Ilikuwa na alama za kuungua za zamani na mpya, na aliziona kwa aibu, kwa sababu angekuwa ameziona mapema kama angekuwa ametazama. Alitaka kusema samahani. Likatoka jingine.

"Kwani leo hakuna sabuni?"

"Kuna," alisema Nerima, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka. "Amolo alinikopesha."

*

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Patrobas alikuwa ameomba nusu siku kazini, akavaa koti la Jumapili, akakaa safu ya nyuma ambako alitumaini kusahauliwa. Nerima alikaa mbele na Amolo. Opicho alikuwa katikati, miguu imetanuka, na kando yake mkewe Nabalayo, mwanamke mwembamba mwenye mkoba mzito.

Mhandisi Kiilu, mtu mpole mwenye miwani, alianza kwa kuonyesha filamu kwenye ukuta. Magari yaliteleza barabarani bila honi, bila msongamano, bila mtu hata mmoja kando. Kiilu alieleza faida. Saa milioni ngapi zingeokolewa kwa mwaka, mafuta lita ngapi, ajali ngapi zisingetokea. Aliposema kwamba hakutakuwa na askari wa kusimamisha magari, ukumbi ulisimama na kushangilia hata akafikiri ameshachaguliwa kuwa kitu fulani. Na watu hawakuwa wajinga kushangilia. Nusu yao walikuwa wakipoteza saa tatu kwa siku kwenye msongamano ule, na watatu wao walikuwa wamezika jamaa waliogongwa pale.

Nerima aliinua mkono.

"Mhandisi, barabara ni nzuri. Lakini kwa hiyo filamu sijaona watu wa miguu. Wale wa kutoka Mathare asubuhi. Watavukia wapi?"

"Kuna daraja, mama. Ni mita mia nane kwenda mbele."

"Na mia nane kurudi. Hizo dakika zao mmezihesabu?"

Kiilu alifungua faili, akafunga. "Sistimu inahesabu magari, mama," alisema, na kwa sura yake jibu lile halikumpendeza hata yeye. Akaliandika swali kwenye daftari. Litafika wapi, hakusema.

Kisha Whitney akachukua maiki, akatangaza marekebisho. Hakuna mwanamume aliyejitokeza. Nerima hakugeuka nyuma hata kidogo, na Patrobas, akitazama kisogo chake na kitambaa kilichofungwa vizuri, alijua kwamba hatageuka, kwamba hataomba tena. Akasimama.

"Patrobas Luseno," alisema alipofika mbele. "Kibanda themanini na nane. Mimi nilisema uongo."

"Sema kwa maiki, mzee," alisema Whitney.

"Nilisema uongo," ilirudia spika, mpaka barabarani. "Nilisema mke wangu hana kazi. Anauza uji. Anaitwa Nerima." Alitoa karatasi ya mshahara na ile fomu ya hesabu, akaziweka mezani. "Mimi napata elfu ishirini na nne. Yeye nimehesabu, ni kama elfu ishirini na sita na mia tatu."

Vijana wa steji walipiga mluzi. Whitney aliandika, akangoja, akakunja uso.

"Mzee, sistimu imekataa. Mwenye mapato makubwa ndiye anakuwa mkuu wa kaya. Haiwezi kukuweka wewe mkuu. Lazima nikuweke... " alisoma kioo kwa sauti ndogo, lakini maiki ilikuwa karibu. "Mtegemezi."

Kicheko kilichotoka kilitikisa mabati. Opicho alicheka kuliko wote, akijipangusa macho. Patrobas alisubiri kitulie. Kilichukua muda.

"Weka," alisema.

"Na mama aje athibitishe mapato. Kuna rekodi yoyote?"

Nerima alikuja mbele. Alifungua simu yake, akaitazama, na kwa mara ya kwanza akaonekana kusita. Alimtazama Patrobas kando, akatazama karatasi yake ya hesabu iliyokunjwa vizuri, kisha akampa Whitney simu kama mtu anayeungama.

"Hesabu yako ni ile naleta nyumbani," alimwambia mumewe polepole.

"Wastani wa mwezi," alisoma Whitney, na maiki bado ilikuwa pale pale, "elfu arobaini na saba na mia tisa."

Safari hii hawakucheka. Walivuta pumzi, wote kwa pamoja. Amolo alishika kifua. Miaka kumi na tisa Patrobas alikuwa amelala kando ya mwanamke aliyekuwa akipata mara mbili yake, na ambaye hakuthubutu kusema kwa sababu alimjua mume wake. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma.

"Zingine ziko wapi?" aliuliza, mbali na maiki.

"Chuo cha Triza. Na mabati ya nyumba kwenu, ambayo umekuwa ukimwahidi mama yako tangu tuoane."

Whitney, ambaye alikuwa na baba pia, alimhurumia Patrobas.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Naweza kuweka wakuu wawili. Baba na mama pamoja. Sistimu inakubali mama akikubali."

Ukumbi ulimgeukia Nerima. Patrobas naye akamgeukia, na macho yake yalikuwa na tumaini ambalo hakulificha. Nerima alifikiri. Alirekebisha kitambaa. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Wacha tu hivyo, binti yangu," alisema. "Amebeba hii nyumba peke yake miaka kumi na tisa. Na apumzike kidogo."

Mabati yalikaribia kuondoka kwa kicheko. Na Patrobas, akiwa ameweka kidole kwenye kioo ili kuthibitisha kwamba yeye ni mtegemezi wa Nerima, alijisikia akicheka pia. Alikuwa amefikiri ataona uchungu. Aliona wepesi, kama mtu aliyetua gunia akakuta halikuwa na kitu ndani. Mashine ndogo iliyokuwa mezani ikatoa karatasi: fidia, nafasi sokoni, na jina la mkewe likiwa limeandikwa kamili. Alilisoma, akampa mwenyewe karatasi kwa mikono miwili.

Kisha aligundua kwamba maiki bado iko mbele yake. Alitazama katikati ya ukumbi. Opicho alikuwa ameacha kucheka, kwa sababu Nabalayo alikuwa amefungua mkoba wake mzito, akatoa daftari la mitumba, na akaliweka kwenye goti la mumewe.

"Mzee Opicho," alisema Patrobas, na spika ikalipeleka jina hilo hadi steji. "Maiki iko huru."

Opicho alisimama. Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, wanaume wengine wakaanza kusimama, kila mmoja na mkewe akimtazama mgongoni. Whitney alihesabu kumi na mmoja kwenye mstari, na ilimchukua muda kuanza, kwa sababu kwa adabu isiyo ya kawaida kila mwanamume alikuwa akimwomba mwenzake atangulie.